Mkulima Halisi ni Nani? Ugombea wa Kamati za Masoko, India na Afrika Mashariki

Masoko makubwa ya mazao nchini India, yale ambayo wenyewe huyaita mandi, huendeshwa na kamati za kuchaguliwa. Unjha katika jimbo la Gujarat, linalovuma kwa binzari nyembamba, na Lasalgaon katika Maharashtra, linalovuma kwa vitunguu, ni mfano wa masoko hayo. Kamati hutoza ushuru, hutoa leseni kwa wanunuzi, husimamia mnada na mizani. Kiti ndani yake ni cheo chenye uzito, na wanasiasa wengi wa vijijini walianzia hapo. Ndiyo maana msimu wa uchaguzi huwa pia msimu wa mashauri, na hoja inayorudi mahakamani ni hii: anayegombea kiti cha wakulima, je, ni mkulima?

Hoja hiyo si ngeni kwetu. Husikika Masasi na Newala kwenye vyama vya korosho, Kagera na Nyeri kwenye vyama vya kahawa. Ila huku inaulizwa kwa maneno mengine, mbele ya mtu mwingine, na kwa saa nyingine. Tofauti hizo tatu ndizo zinazonivuta.

Sheria za masoko ya mazao za Gujarat na Maharashtra, zote mbili za mwaka 1963, zinamfafanua mkulima kwa namna inayostahili kusomwa polepole. Ni mtu ambaye kwa kawaida anazalisha mazao, yeye mwenyewe, au kupitia wapangaji wa shamba lake, au kwa vibarua. Kushika jembe si sharti. Lakini mfanyabiashara au dalali wa mazao si mkulima, hata kama naye analima. Kwa hiyo mwenye shamba kubwa anayeishi mjini na kulimiwa na watu wengine anapita bila tabu, ilhali mwenye ekari mbili anayenunua pia magunia ya jirani zake na kuyauza anakwama. Sheria hiyo haipimi jasho. Inapima upande ambao mtu anasimama mnada unapoanza.

Chanzo chake kiko katika historia ya pamba. Soko la kwanza la namna hii lilianzishwa Karanja, katika eneo la Berar, mwaka 1886, na mwaka 1897 ikaja sheria ya masoko ya pamba na nafaka ya eneo hilo, wakati viwanda vya Uingereza vilipokuwa vikiitamani pamba hiyo. Tume ya Kifalme ya Kilimo ilipotoa ripoti yake mwaka 1928, ilipendekeza masoko yadhibitiwe kila mahali ili mkulima asipunjwe kwenye bei na vipimo. Mtu aliyehofiwa tangu mwanzo ni mnunuzi.

Hata hivyo India haikumfukuza mnunuzi. Ilimpa mlango wake. Sheria ya Gujarat ilipotungwa ilitenga viti vinane vya wakulima na vinne vya wafanyabiashara wenye leseni. Maharashtra ilikwenda mbali zaidi: viti kumi na vitano vya wakulima, viwili vya wafanyabiashara na madalali, na kimoja cha mahamali na wapima mizani. Nakistahi sana kiti hicho kimoja. Mtu anayebeba gunia mgongoni anahesabiwa kuwa sehemu ya soko, naye ana sauti ndani ya kamati.

Afrika Mashariki ilifuata njia nyingine kwa sababu chombo chenyewe ni kingine. Kamati ya mandi ni baraza la pande zinazovutana. Chama cha ushirika wa mazao na masoko, AMCOS kama tunavyokiita Tanzania, ni mali ya upande mmoja tu. Wakulima wa Kilimanjaro walipounda chama chao mwaka 1925, ambacho mwaka 1933 kilizaa chama kikuu cha KNCU, walitaka kuuza kahawa yao wenyewe. Hawakuwa wakitafuta meza ya kukaa na wanunuzi. Mtu anayefanya biashara ya zao lilelile hana mlango wa pembeni wa kuingilia humo. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya Kenya ya mwaka 1997, katika kifungu cha 28, inamzuia kuwa mjumbe wa kamati mwanachama anayefanya biashara ya bidhaa au mazao ya aina ileile na ya chama, kwa niaba yake au ya mwingine. Tazama jinsi hukumu inavyotofautiana: Gujarat inamwambia mtu huyo kwamba yeye si mkulima, Kenya inamwambia kwamba ni mkulima, ni mwanachama, na kura yake ni halali, ila uongozi ampishe mwenzake. Mtwara na Lindi hofu hii ina jina lake, kangomba, yaani ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, na mgombea anayenong'onwa kuwa hununua korosho kwa kangomba ana kazi kubwa ya kujisafisha.

Tanzania ina hofu ya pili, ambayo kwa India si kubwa hivyo: siasa. Mwaka 1976 Serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika. Viliporudi kwa sheria ya 1982, vilirudi chini ya kivuli cha chama tawala, na hadi sheria ya 1991 ndipo uhuru wao ulipotambuliwa rasmi. Aliyepitia hayo haoni ajabu kwamba leo mwanasiasa hatakiwi kuvaa kofia mbili.

Wapiga kura nao ni chanzo cha mzozo, na hapa India ina mkanganyiko wake. Kwa muda mrefu wakulima wa Gujarat na Maharashtra hawakuwachagua wajumbe wao moja kwa moja. Waliopiga kura ni viongozi wa vyama vya mikopo ya kilimo, na kwa viti vichache vya Maharashtra, wajumbe wa halmashauri za vijiji. Anayetaka kushinda basi hapiganii ugombea tu, anapigania daftari la wapiga kura. Je, chama kilichosajiliwa juzi, ambacho hakijakopesha mtu hata rupia, kinahesabika kuwa kinatoa mikopo ya kilimo? Maharashtra iliamua mwaka 2017 kumpa kura mkulima mwenyewe, kisha mwaka 2020 serikali nyingine ikamnyang'anya. Kwetu mwanachama hupiga kura yake mwenyewe, mmoja kura moja, na hilo ni jambo la kuringia.

Saa ya kuingilia ndiyo inayozitenga zaidi mila hizi. Mwaka 1952 Mahakama ya Juu ya India ilipokea shauri la N. P. Ponnuswami, aliyekataliwa fomu ya kugombea ubunge wa jimbo la Madras kutoka Namakkal. Ilimjibu kwamba uchaguzi ukishaanza usisimamishwe. Malalamiko yasubiri matokeo. Msimamo huo umezifikia hata kamati za masoko na vyama vya ushirika. Faida yake ni kwamba hakuna anayeweza kuukwamisha uchaguzi kwa mashauri yasiyokwisha. Hasara yake ni kwamba aliyeenguliwa kimakosa anaweza kushinda shauri wakati muhula unakaribia kwisha.

Tanzania huchuja kabla: fomu za wagombea hupitiwa na ofisi ya Mrajisi wa Vyama vya Ushirika, na asiyeridhika na uamuzi wa Mrajisi anaweza kufika kwa Waziri. Uzembe na wizi huweza kukamatwa mapema, lakini nguvu nyingi hukaa mezani pa ofisi moja. Kenya imeweka Baraza la Ushirika, chombo cha kimahakama cha kuamua migogoro ya vyama vya ushirika, ambalo rufaa yake huenda Mahakama Kuu.

Kati ya njia hizo, naona kuchuja mapema ni bora kuliko kungoja, mradi anayechujwa apewe sababu kwa maandishi na siku za kutosha kukata rufaa kabla ya kura. Bila masharti hayo mawili, hata aliyekataliwa Namakkal alitendewa vyema zaidi, maana yeye alijua kosa analodaiwa. Mwanachama unayesoma haya, mkutano mkuu ujao ukikaribia, omba kuona daftari la wanachama na majina ya walioenguliwa pamoja na sababu zake, na uombe mapema.