Utegi, Mji Uliokua kwa Maziwa

Nalitoka Mwanza alfajiri, nikapita Magu na Bunda, nikavuka Mto Mara kwa daraja la Kirumi, nikafika Utegi katika nchi ya Rorya. Ni mji mdogo wa njiani, nao jina lake lilijulikana mbali kwa ajili ya maziwa.

Zamani hapakuwa na kiwanda. Mama wa nyumba alikama ng'ombe, akayagandisha maziwa katika kibuyu, akakitikisa hata siagi ikajitenga, akaichemsha kuwa samli. Ilikuwa hekima kubwa. Maana maziwa huharibika kwa saa chache, bali samli hukaa miezi, hata yaweza kufika soko la mbali.

Mwaka 1975 serikali ilianzisha shirika lake la maziwa, likawa na viwanda saba: Dar es Salaam, Tanga, Arusha, Mbeya, Tabora, Musoma na Utegi. Angalieni heshima hiyo, mji mdogo kutajwa pamoja na miji mikubwa!

Lakini kiwanda hutaka kulishwa kila siku. Ng'ombe wetu wa asili, ndama akiisha kunyonya, humwachia mwenyewe lita moja au mbili tu, na wakati wa kiangazi hupungua. Tena bei iliwekwa na serikali, nayo ilikuwa chini ya ile aliyotoa jirani mlangoni. Basi mfugaji akamwuzia jirani. Viwanda vikakosa maziwa, vikadhoofika, na katika miaka ya 1990 serikali ikaviuza. Mashine za Utegi zikanyamaza.

Nalikutana na bibi mmoja njiani, amejitwika ndoo ya maziwa. Nikamwamkia, nikamwuliza, "Bibi, kiwanda kiliposimama mlifanyaje?"

Akacheka, akasema, "Mwalimu, ng'ombe hawakusimama. Kulipokucha tulikama."

Neno hilo nimelitia moyoni. Wako wasemao kwamba watu wa Utegi walishindwa kazi. Mimi sikubali. Iliyoshindwa ni hesabu iliyofanywa bila kumwuliza mwenye kukama anapata nini, na watoto wake wanabakiziwa nini. Nanyi walimu, mnapowafundisha watoto habari za viwanda vya nchi yetu, waanzisheni zizini, wapime maziwa ya ng'ombe mmoja asubuhi na jioni, wayatoe yale ya nyumbani. Yatakayobaki ndiyo yawezayo kujenga mji.