Chipu yenye dirisha

Ukifungua kompyuta kuukuu ya miaka ya 1980 huenda ukakuta chipu yenye kidirisha juu yake, na kidirisha kimebandikwa karatasi. Usiibandue! Nitakueleza sababu.

Mambo yalianza Intel, Marekani, ambako mhandisi Dov Frohman alikuwa akichunguza chipu zenye hitilafu. Alishuku kwamba malango ya baadhi ya transista yalikuwa yamekatika, yanaelea bila kuunganishwa na kitu. Wengi wetu tungerekebisha kasoro hiyo twende nyumbani. Yeye akajiuliza: lango linaloelea likitiwa elektroni makusudi, si zitanaswa humo? Na zikinaswa, si tayari hiyo ni kumbukumbu?

Mwaka 1971 ikatoka chipu ya 1702, ya aina ya EPROM. Ilibeba biti 2,048, yaani baiti 256. Aya uliyomaliza kusoma haienei humo.

Kuingiza elektroni kulihitaji volti nyingi tu. Kuzitoa ndiko kulikokuwa na kazi, maana lango limezungukwa na oksidi ya silikoni, isiyopitisha umeme. Hapo ndipo mwanga ulipoitwa. Einstein alikuwa ameshaeleza mwaka 1905 kwamba mwanga huja kwa mafungu. Fungu moja la urujuanimno wa nanomita 254 hubeba elektronivolti 4.9 hivi, za kutosha kuirusha elektroni juu ya ukuta wa oksidi. Mwanga mwekundu hata uumulike mwaka mzima haufui dafu. Kioo cha kawaida huzuia miali hiyo, ndiyo sababu dirisha ni la kwatzi. Na ile karatasi? Ni ya kuzuia jua lisiifute programu polepole.

Basi mwandishi wa programu aliweka chipu chini ya taa kama dakika 20, ikafutika yote, akaandika upya. Mimi leo nalalamika nikisubiri sekunde kumi! Lakini kabla ya hapo programu ilichongwa kiwandani, na kosa moja lilifanya chipu zote kuwa takataka. Gordon Moore, mwanzilishi mwenza wa Intel, aliulinganisha uvumbuzi huu na mikroprosesa yenyewe kwa umuhimu. Nakubaliana naye kabisa.

Frohman mwenyewe aliondoka akaenda Kumasi, Ghana, kufundisha uhandisi wa umeme. Chuoni sikulisikia hili hata siku moja.

Mwaka 1984 Fujio Masuoka wa Toshiba alitangaza kumbukumbu ya flashi, inayofutwa kwa umeme. Jina lilipendekezwa na mwenzake, kwa kuwa ufutaji wake ulimkumbusha mmweko wa kamera. Halafu, Februari 2015, wenye Raspberry Pi 2 wakagundua kwamba ukiipiga picha kwa mmweko wa taa ya xenoni, inazima! Chipu yake ya kudhibiti umeme, U16, haikuwa na kifuniko cha plastiki, na mwanga ulipenya hadi kwenye silikoni. Dawa ilikuwa kuifunika kwa kitu kisichopitisha mwanga.