Saratani ya tezi za mate: Uvimbe usiouma usipuuzwe

UVIMBE mdogo mbele ya sikio au chini ya taya, usiouma wala kuwasha, si jambo la kumkosesha usingizi mkulima wa Kikima, katika milima ya Mbooni, Kaunti ya Makueni. Hudhaniwa kuwa ni jino au matubwitubwi, na miezi hupita.

Mara nyingi dhana hiyo haina madhara, kwani uvimbe mwingi wa tezi za mate si saratani. Lakini ule ambao ni saratani huweza kuwa hatari mno, na muda uliopotea haurudi.

Binadamu ana jozi tatu za tezi kubwa za mate: parotidi iliyo mbele ya sikio, tezi ya chini ya taya na ile ya chini ya ulimi. Pia kuna mamia ya tezi ndogo zilizotapakaa kwenye kaakaa, midomo na koo.

Kadiri tezi inavyokuwa ndogo, ndivyo uvimbe wake unavyoelekea kuwa saratani. Katika parotidi, takriban uvimbe mmoja kati ya minne au mitano ni saratani. Chini ya taya hukaribia nusu, na katika tezi ndogo huzidi nusu.

Maradhi haya ni nadra. Mwaka 2020, kulingana na makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, watu zaidi ya 53,000 waliugua duniani kote na karibu 23,000 wakafariki.

Aina zake hupita 20, na mwenendo wake hutofautiana. Karsinoma ya mukoepidamoidi isiyo kali hutibika vyema kwa upasuaji pekee.

Karsinoma ya adenoidi sistiki hukua polepole lakini hutambaa kando ya neva na kufika mapafuni. Takriban robo tatu ya wagonjwa huwa hai baada ya miaka mitano, ila idadi hiyo hushuka sana kufikia mwaka wa 15, kwani ugonjwa hurejea hata baada ya mgonjwa kudhani amepona.

Iliyo kali zaidi ni karsinoma ya mirija ya mate, ambayo hufanana na saratani ya matiti na huwapata hasa wanaume waliopita miaka 50. Katika tafiti nyingi, chini ya nusu ya wagonjwa hufikisha miaka mitano.

Hata fedha haziwezi kununua hakikisho. Mwanamuziki wa Marekani Adam Yauch, wa kundi la Beastie Boys, alitangaza mwaka 2009 kwamba alikuwa na saratani ya parotidi. Alifariki Mei 2012 akiwa na umri wa miaka 47.

Tiba kuu ni upasuaji, ambao mara nyingi hufuatiwa na mionzi. Kazi hiyo ni ngumu kwa sababu neva inayosogeza misuli ya uso hupita katikati ya parotidi. Ikikatwa, upande mmoja wa uso hupooza. Dawa za kawaida za kemikali husaidia kwa kiasi kidogo.

Kwa mkazi wa Kikima, safari ya matibabu ni ndefu. Kwa miaka mingi, Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta jijini Nairobi ilikuwa hospitali pekee ya umma nchini yenye mitambo ya mionzi. Baadaye huduma hiyo ilifika katika hospitali nyingine, ikiwemo ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta iliyofunguliwa mwaka 2019.

Gharama nayo ni mzigo. Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, kikomo cha matibabu ya saratani kiliwekwa kuwa Sh550,000 kwa kila familia kwa mwaka. Upasuaji, mionzi na picha za uchunguzi huweza kukimaliza upesi.

Kwa hivyo, silaha ya kwanza ni kuwahi. Uvimbe uliodumu zaidi ya wiki mbili au tatu, unaoongezeka, ulioshikamana na ngozi, au unaoandamana na ganzi, maumivu au mdomo kwenda upande, wapaswa kuchunguzwa na daktari. Uchunguzi wa awali hufanywa kwa sindano nyembamba inayofyonza chembechembe.

Kinachopaswa kuepukwa ni kuutumbua kwa wembe au kuupaka dawa nyumbani. Kuukata kiholela huweza kutawanya chembe za saratani na kumnyima daktari wa upasuaji nafasi yake bora, ambayo ni ile ya kwanza.