Wageni waliomaliza ghala la San Gabriel

Tarehe 4 Januari 1776, msafara wa Kapteni Juan Bautista de Anza uliwasili katika misheni ya San Gabriel, kusini mwa California, watu na mifugo wakiwa hoi. Ulikuwa umetoka Tubac, ngome ya Kihispania katika eneo ambalo leo ni Arizona, tarehe 23 Oktoba mwaka uliotangulia. Walikuwa takriban watu 240, karibu nusu yao watoto, pamoja na wanyama wapatao 1,000: farasi, nyumbu, na ng'ombe wa kuchinja njiani. Nia ilikuwa kupumzika siku chache, kisha kuendelea kaskazini hadi Monterey na ghuba ya San Francisco. Siku hizo chache zikageuka wiki saba.

Hispania ilikuwa imeanza kujenga misheni na ngome California tangu 1769, lakini vituo hivyo viliishi kwa kutegemea meli kutoka bandari ya San Blas, Mexico. Pepo na mikondo ya bahari ilizikabili meli hizo kwa mbele, zikachelewa, na shehena haikutosha. Familia nazo zilikuwa chache mno. Ndipo Antonio María de Bucareli, mtawala wa Mexico kwa niaba ya mfalme, alipokubali rai ya Anza ya kufungua njia ya nchi kavu. Anza alikwisha kuijaribu mwaka 1774, akisaidiwa na Sebastián Tarabal, mwenyeji wa Baja California aliyekuwa ametoroka San Gabriel hiyo hiyo na kulivuka jangwa.

Walioandikishwa kwa safari ya pili walitoka Sinaloa na Sonora, wengi wao mafukara. Anza alishauri wasipewe fedha taslimu, kwani zingeishia kwenye kamari. Wakalipwa kwa vitu: mashati, sketi, viatu, kofia, hata utepe wa nywele kwa wanawake. Asili zao zilikuwa mchanganyiko wa Wahispania, wenyeji wa Amerika, na Waafrika ambao mababu zao walifikishwa Mexico kama watumwa.

Usiku wa kwanza tu baada ya kuondoka Tubac, Manuela Piñuelas alijifungua, akafariki. Hakuna mtu mzima mwingine aliyekufa njiani. Kwenye Mto Colorado walivushwa kwa msaada wa Waquechan, wenyeji wa hapo, ambao kiongozi wao Wahispania walimwita Salvador Palma. Jangwani Anza aliwagawa watu katika makundi matatu ili visima vidogo viwahi kujaa tena. Huko wakakutana na theluji, na ng'ombe wakafa kwa baridi. Mkesha wa Krismasi mtoto mwingine akazaliwa, katika korongo la Coyote.

San Gabriel iliwapokea kwa malisho ya kijani, maji ya mfereji na maziwa. Padri Pedro Font, mwandishi wa kumbukumbu za msafara, aliisifia ardhi yake. Hata hivyo misheni yenyewe ilikuwa bado changa: iliasisiwa mwaka 1771 na ilikuwa imehamia hapo karibuni tu. Majengo mengi yalikuwa ya magogo na matete.

Wageni hawakuwahi kutua vizuri kabla ya mambo kuharibika. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Novemba, Wakumeyaay, wenyeji wa eneo la San Diego, walikuwa wameishambulia misheni ya huko, wakaichoma na kumuua Padri Luis Jayme. Kamanda wa California, Fernando Rivera y Moncada, alimwomba Anza msaada. Tarehe 7 Januari Anza akaelekea San Diego na askari 17, akamwachia familia luteni wake, José Joaquín Moraga.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. San Gabriel wageni walikula mwezi mzima. Mahindi yalipungua, na taarifa zikamfikia Anza San Diego kwamba misheni haina tena cha kuwapa. Aliporejea tarehe 12 Februari alikuta jingine: watu wachache, wakiwamo waendesha nyumbu, walikuwa wametoroka usiku na farasi pamoja na tumbaku, chokoleti na shanga za ghalani. Moraga akatumwa kuwafuata jangwani.

Tarehe 21 Februari Anza aliondoka na sehemu ya familia, nyingine zikabaki zifuate baadaye. Aliyeamua kubaki moja kwa moja ni mjane María Feliciana Arballo. Njiani alikuwa amemuudhi Padri Font kwa nyimbo zake kwenye ngoma ya usiku. Hapo misheni aliolewa na askari. Mjukuu wake, Pío Pico, ndiye aliyekuwa gavana wa mwisho wa California chini ya Mexico.

Na jembe lilikuwa mikononi mwa nani? Mwa Watongva, wenye nchi. Wao ndio waliolima mashamba ya misheni, na aliyekwisha kubatizwa hakuruhusiwa kuondoka apendavyo. Akitoroka, askari walimsaka. Mapumziko ya walowezi yalikuwa jasho la Watongva. Mwaka 1785 Watongva walipanga kuiangusha misheni hiyo, na mwanamke aliyeitwa Toypurina alikuwa miongoni mwa viongozi wao. Njama ikagunduliwa, akashitakiwa.

Waliokwenda na Anza walifika Monterey tarehe 10 Machi, na Septemba 1776 ngome ya San Francisco ikazinduliwa. Miaka mitano baadaye kundi jingine la walowezi 44, zaidi ya nusu yao wenye damu ya Kiafrika, lilipitia San Gabriel na kuasisi Los Angeles. Lakini Julai 1781 Waquechan, waliochoshwa na walowezi waliowanyang'anya ardhi na mifugo iliyokula mazao yao, waliteketeza makazi ya Wahispania kwenye Mto Colorado. Rivera aliuawa humo. Njia ya Anza ikafungwa, na Hispania haikuweza tena kupeleka misafara mikubwa ya familia California kwa nchi kavu. Njia hiyo ilifunguka kwa hisani ya Waquechan na kudumu kwa chakula cha Watongva. Hisani ilipokwisha, amri ya mfalme haikutosha kuifungua tena.