Uendeshaji wa shule za umma kwa ubia na sekta binafsi

Uendeshaji wa shule za umma kwa ubia na sekta binafsi ni utaratibu ambao serikali inabaki kuwa mmiliki wa shule na mlipaji wa gharama zake, lakini usimamizi wa kila siku unakabidhiwa kwa mkataba kampuni, shirika lisilo la kiserikali au taasisi ya dini. Utaratibu huo ni tofauti na shule binafsi, ambayo ina mwenyewe na kwa kawaida hutegemea ada za wazazi. Pia ni tofauti na msaada wa kampuni inayojenga darasa au kutoa madawati bila kushiriki katika uongozi wa shule.

Nchini Tanzania shule za umma za msingi na sekondari husimamiwa kwa kawaida na halmashauri. Suala la ubia linagusa hasa maeneo ambayo watoto wanaongezeka haraka kuliko madarasa, kama vile pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam katika wilaya za Kinondoni na Temeke.

Historia nchini Tanzania

Wakati wa utawala wa Waingereza shule nyingi za Tanganyika ziliendeshwa na misheni za Kikristo, na nyingine na jumuiya za Waasia. Baadhi yao zilipata ruzuku ya serikali. Mojawapo ilikuwa shule ya Kikatoliki ya Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, ambako Julius Nyerere alifundisha hadi alipojiuzulu mwaka 1955 ili kushughulikia siasa.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Sheria ya Elimu ya 1969 iliiwezesha serikali kuchukua shule za misheni na za jumuiya zilizokuwa zikipata ruzuku. Pugu ikawa shule ya serikali, na shule ya sekondari ya wavulana ya Aga Khan jijini ikawa Tambaza.

Mwelekeo ulibadilika katika miaka ya 1990. Mwaka 1992 serikali na makanisa walitia saini makubaliano juu ya huduma za jamii, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ikaalika sekta binafsi kuanzisha na kuendesha shule zake. Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi ilipitishwa mwaka 2010. Huko Dar es Salaam ubia unajulikana zaidi katika usafiri wa mabasi yaendayo haraka, ulioanza mwaka 2016.

Katika afya, ushirikiano wa namna hii ni wa muda mrefu zaidi: hospitali kadhaa za makanisa zimeteuliwa kuwa hospitali za wilaya, na serikali hulipa mishahara ya watumishi wake.

Nani anasimamia shule ya umma

Mamlaka juu ya shule ya umma nchini Tanzania yamegawanyika. Majengo na ardhi viko chini ya halmashauri. Shule ya msingi ina kamati ya shule na shule ya sekondari ina bodi. Katika kamati wazazi huwa na wawakilishi wao. Masuala ya ajira na nidhamu ya walimu hushughulikiwa na Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Mitaala hutayarishwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, mitihani ya taifa hutungwa na Baraza la Mitihani, na wadhibiti ubora hukagua ufundishaji.

Kwa sababu hiyo, kampuni inayokabidhiwa shule haipati moja kwa moja uwezo wa kuajiri, kuhamisha au kuadhibu walimu. Mkataba unapaswa kueleza ni mamlaka gani yanahamia kwake na yapi yanabaki serikalini.

Hali ya Kinondoni na Temeke

Kwa sensa ya mwaka 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na wakazi 5,383,728, ukilinganisha na 4,364,541 mwaka 2012. Kati yao 1,346,674 walikuwa Temeke na 982,328 Kinondoni. Ongezeko linaonekana sana katika kata za pembezoni, kama Chamazi na zile za Mbagala upande wa Temeke, na Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni.

Ada katika shule za umma hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016, na wanafunzi walioandikishwa wakaongezeka. Ruzuku ya uendeshaji iliwekwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka. Baadhi ya shule za jijini, hasa za Mbagala, zimefundisha kwa zamu za asubuhi na mchana kwa kukosa vyumba. Wazazi wenye uwezo, na wengine kwa kujinyima, hupeleka watoto katika shule binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza.

Mifano ya nchi nyingine

Nchini Marekani shule za umma zinazoendeshwa kwa mkataba maalumu zilianza kwa sheria ya jimbo la Minnesota mwaka 1991.

Uganda ilipoanzisha elimu ya sekondari kwa wote mwaka 2007 ilizilipa shule binafsi zilizoingia ubia shilingi za Uganda 47,000 kwa kila mwanafunzi kwa muhula. Mpango huo ulianza kuondolewa mwaka 2018. Hapo serikali ilinunua nafasi katika shule za watu binafsi. Haikukabidhi shule zake.

Mfano wa Afrika ulio karibu zaidi na maana kamili ni Liberia. Mwaka 2016 serikali yake ilikabidhi shule 93 za msingi kwa waendeshaji 8, miongoni mwao Bridge International Academies, kampuni iliyoanza Nairobi mwaka 2009 kwa shule za ada nafuu. Walimu walibaki watumishi wa serikali na wanafunzi hawakutozwa ada. Tathmini ya mwaka wa kwanza ilionyesha kwamba wanafunzi walijifunza zaidi kuliko wenzao wa shule za kawaida. Hata hivyo gharama kwa kila mwanafunzi zilikuwa kubwa, na mwendeshaji mmoja aliondoa wanafunzi katika madarasa yaliyojaa na kuwahamisha walimu wengi aliowakuta.

Hoja za pande mbili

Wanaounga mkono husema kwamba mwendeshaji anayelipwa kwa mkataba anaweza kufuatilia mahudhurio ya walimu kwa karibu, na kwamba serikali inaweza kuuvunja mkataba asipotimiza malengo.

Wanaopinga husema kwamba elimu ni wajibu wa serikali, na kwamba kampuni inaweza kupunguza gharama kwa kuajiri walimu wasio na sifa au kuchagua wanafunzi. Katika kata yenye shule moja iliyojaa, kikomo cha wanafunzi kwa darasa kinawanufaisha wanaobaki, lakini wanaoondolewa huenda wasiwe na shule nyingine ya umma karibu. Pia mzazi anayejua kupeleka malalamiko kwa kamati ya shule au afisa elimu kata anaweza kutojua amwendee nani shule ikiwa mikononi mwa mwendeshaji.