Tenganan, Ardhi Iliyopimwa kwa Harufu

Wazee wa Tenganan Pegringsingan, kijiji cha mashariki ya Bali nchini Indonesia, husimulia kwamba ardhi yao ilipimwa kwa harufu ya mzoga. Mfalme wa Bedaulu alipotelewa na farasi aliyempenda sana, akatuma watu kila upande kumtafuta. Waliokwenda mashariki walimpata, lakini amekwisha kufa. Mfalme akaahidi kuwapa ardhi yote ambako harufu ya mzoga ule ingefika, akamtuma ofisa mwenye pua kali akaweke mipaka. Ofisa akapanda vilima na kushuka mabonde pamoja na mkuu wa kijiji, na kila aliposimama alikuta harufu ni ileile, hata akachoka, akaamua mpaka uishie hapo. Hakujua kwamba mwenzake alikuwa ameficha kipande cha nyama ya farasi ndani ya nguo zake.

Ufalme wa Bedaulu uliangushwa mwaka 1343, majeshi ya Majapahit kutoka Java yalipoivamia Bali. Watu walioshika desturi zilizotangulia uvamizi huo huitwa Bali Aga, na Tenganan ni mojawapo ya vijiji vyao vinavyojulikana zaidi. Juu vilimani kuna mawe ambayo wenyeji huyataja kuwa viungo vya farasi yule, na hadi leo yanaheshimiwa. Mtu anaweza kuitilia shaka hadithi, lakini ardhi yenyewe ipo: zaidi ya hekta 900 za msitu, bustani na mashamba ya mpunga, wilayani Karangasem, kilomita chache tu kutoka ufukwe wa Candidasa.

Ardhi hiyo haiuzwi wala kuwekwa rehani kwa mtu wa nje. Sheria za kijiji, ziitwazo awig-awig, zinakataza. Mti haukatwi bila ruhusa, hata ukiwa umesimama katika shamba la mtu binafsi, na kuna matunda, durian likiwemo, ambayo mwenye shamba haruhusiwi kuyachuma. Husubiriwa yaanguke yenyewe. Mashamba ya mpunga kwa sehemu kubwa hulimwa na watu wa vijiji jirani kwa kugawana mavuno. Sehemu ya mapato huingia katika hazina ya kijiji, na kutoka hazina hiyo hulipiwa sherehe.

Hapo ndipo penye kiini cha historia ya Tenganan. Mpita njia huona ngoma, mavazi na vijana wanaopigana kwa majani ya miiba, akadhani ameona burudani iliyobaki kutoka zamani. Kumbe ardhi ndiyo inayolisha sherehe, nayo sherehe hulinda ardhi, kwa sababu katika sherehe ndipo hujulikana nani ni mwanakijiji kamili, nani amekaa juu ya nani barazani, na nani amefikia umri wa kubeba wajibu. Ukiiondoa sherehe, hakuna tena baraza. Na kama baraza lingeondoka, hekta zile zingekwisha kuwa hoteli.

Kijiji kimejengwa kama kilivyotawaliwa. Kimezungukwa na kuta, na huingiwa kwa malango membamba. Ndani kuna barabara ndefu zilizowekwa mawe, zinazokwenda kaskazini na kusini zikipanda ngazi kwa ngazi kuelekea mlimani, na pande zote mbili nyumba zimepangwa kwa safu, zote za mtindo mmoja. Katikati ya barabara kuu yamesimama mabanda ya pamoja: ghala la mpunga, jukwaa la ngoma, na bale agung, ukumbi mrefu ulio wazi ambamo baraza hukutana. Nyati wa kufugwa hutembea huko bila kufungwa. Wanaokaa barazani ni watu waliooa na kuolewa ndani ya kijiji, mume na mke wakihesabiwa pamoja, na kila mmoja hukaa mahali pake kwa ukubwa wa cheo, ambao hutokana na tarehe ya kuingia barazani. Tabaka za Kihindu za kwingineko Bali hazina nafasi hapa.

Mwaka 1841 moto uliteketeza kijiji, na maandishi ya sheria yaliyokuwa kwenye majani ya mtende yakaungua. Kwa watu ambao umiliki wao wa ardhi ulitegemea neno la mababu, hilo lilikuwa pigo kubwa kuliko kupoteza nyumba. Nyumba hujengwa tena kwa udongo na mianzi. Sheria ilibidi ikusanywe kutoka vichwani mwa waliokumbuka, ikaandikwa upya kwa idhini ya mamlaka ya kifalme, na nakala hiyo ya baada ya moto ndiyo msingi wa awig-awig za leo. Kazi ya kuchora herufi kwenye majani ya mtende kwa ncha ya kisu, kisha kuzipaka masizi ili zisomeke, bado inafanywa kijijini, na mafundi wake hukaa vibarazani mbele ya nyumba zao.

Karangasem iliingia chini ya Waholanzi baada ya vita vya Lombok vya mwaka 1894. Watawala wapya walipoanza kuchunguza sheria za wenyeji, Tenganan iliwashangaza. V. E. Korn, ofisa na mtaalamu wa sheria za kimila, alitoa mwaka 1933 kitabu kizima juu ya kijiji hiki, akikiita jamhuri. Neno lilikuwa zito katika koloni, na lilikuwa na ukweli ndani yake: hapa palikuwa na watu waliojitawala kwa baraza na hazina ya pamoja.

Miaka hiyohiyo walifika wageni wa namna nyingine, walioletwa na urafiki. Mchoraji wa Mexico, Miguel Covarrubias, alifika Bali kwanza mwaka 1930 na mkewe Rosa, wakiwa wametoka kuoana, kisha wakarudi mwaka 1933. Rafiki yao huko alikuwa Walter Spies, msanii Mjerumani aliyezaliwa Moscow na kuweka makazi Ubud, mtu ambaye nyumba yake ilikuwa kituo cha marafiki kutoka kila bara. Spies alijua siku za sikukuu za vijiji vingi, akiwapeleka rafiki zake huko kwenda kuona na kusikiliza. Kitabu cha Covarrubias juu ya Bali, kilichotoka 1937 kikiwa na picha alizopiga Rosa, kiliwafanya wasomaji wa mbali walijue jina la Tenganan. Urafiki ule ulizaa maarifa. Ulifungua pia njia ambayo baadaye mabasi ya watalii yangeifuata, na si haki kuwalaumu marafiki hao kwa jambo ambalo hawakuweza kuliona mbele.

Sherehe kubwa kuliko zote ni Usaba Sambah, inayofanyika katika mwezi wa tano wa kalenda ya kijiji, kwa kawaida kati ya Mei na Juni. Tenganan ina kalenda yake, tofauti na zile zinazofuatwa kwingineko Bali, kwa hiyo tarehe husogea mwaka hadi mwaka. Mwezi mzima hushikwa na shughuli. Mwenye rafiki kijijini akialikwa siku hizi, humkuta mwenyeji wake hana muda wa kukaa, kwa maana kila mtu ana zamu: kukata mianzi, kukuna nazi, kusuka sadaka za majani ya mnazi, kuchinja na kukatakata nyama kwa ajili ya lawar, chakula cha nyama iliyochanganywa na nazi, mboga na viungo. Mgeni huvalishwa kikoi na mshipi kiunoni, kwa kuwa bila hivyo hakanyagi mahali pa ibada, kisha hupewa kahawa na mahali pa kukaa. Akitaka kusaidia, kazi haikosekani.

Barabarani husimikwa pembea kubwa za mbao, zilizoundwa kama gurudumu lenye viti. Vijana wa kiume huzizungusha kwa nguvu za miili yao, na wasichana hupanda wakiwa wamevaa nguo za kufumwa ziitwazo geringsing na maua ya dhahabu kichwani. Hawachekicheki wala kupiga kelele. Wanapanda kwa utulivu wa watu walio katika ibada. Usiku na mchana hupigwa selonding, ala za vibao vya chuma zenye sauti nzito, zinazohesabiwa kuwa takatifu na ambazo hazipigwi bila sadaka. Wasichana hucheza rejang kwa mwendo wa polepole. Katika ngoma nyingine, abuang, mvulana na msichana huchezeana uso kwa uso, na wazee wanaotazama huelewa kwamba ndoa za kesho huanza kutazamwa hapo.

Kisha huja siku za mekare-kare, pigano la majani ya miiba. Kabla ya saa nane mchana barabara imekwisha kujaa. Vijana wanaume huvua nguo za juu, wakabaki na kikoi na kilemba. Silaha ni fungu fupi la majani ya mkadi, mti uleule ambao wanawake wa pwani ya Uswahilini huthamini maua yake kwa harufu, lakini majani yake yana miiba pembeni kama msumeno. Mkono wa pili hushika ngao ya henzirani. Tembo humiminwa kwa sadaka, selonding hubadilisha mwendo, na wawili hupanda jukwaani na mwamuzi kati yao. Hukabana, ngao na ngao, kila mmoja akijaribu kuusugua mgongo wa mwenzake kwa majani yale. Watazamaji hupiga ukelele, na kabla mtu hajafahamu nani kazidi, mwamuzi amewatenganisha na wengine wawili wamepanda.

Hakuna mshindi anayetangazwa, wala zawadi. Damu inayotoka ni sadaka kwa Indra, mungu wa vita na mvua, ambaye watu wa Tenganan wanamheshimu kuliko wengine. Masimulizi ya Bali yanaeleza kwamba Indra alipigana na Mayadenawa, mfalme dhalimu aliyewazuia watu kuabudu, akamshinda. Kijiji hiki hujihesabu kuwa cha wafuasi wa Indra. Vijana wa vijiji jirani huruhusiwa kupanda, na mara nyingine mgeni kutoka mbali hupewa fungu la mkadi mkononi. Ashukapo, mgongo wake hupakwa dawa iliyosagwa kwa manjano na mizizi ya jamii ya tangawizi, inayochoma kuliko miiba yenyewe, na waliokuwa wakichanana dakika moja iliyopita hupakana dawa hiyo wao kwa wao. Hasira hairuhusiwi kuvuka ukingo wa jukwaa. Katika ulimwengu ambao mashindano mengi huacha chuki, jambo hili linastahili kutazamwa kwa makini kuliko damu inayopigwa picha.

Baada ya hapo ni kula. Karangasem nzima inajulikana kwa megibung, desturi ya kuketi watu sita hadi wanane kulizunguka sinia moja la wali na vitoweo. Kila mmoja hula upande wake, harudishi tonge siniani, na wote huinuka pamoja. Masimulizi ya Karangasem huihusisha desturi hii na vita vya kuiteka Lombok mwishoni mwa karne ya 17, ambapo mfalme alikula na askari wake kwa namna hiyo. Waislamu wa Karangasem, ambao wapo kwa karne nyingi, nao hula megibung, kwa vyakula vyao, na siku za sikukuu majirani wa dini hizi mbili hupelekeana chakula. Nyama ya nguruwe ni ya kawaida katika sherehe za Wahindu wa Bali, kwa hiyo mgeni Mwislamu humwambia mwenyeji wake mapema, na hakuna anayeona ajabu.

Zile nguo za wasichana zinahitaji kutajwa peke yake. Katika Bali yote, geringsing hufumwa Tenganan tu. Nyuzi za mtande na za mshindio, zote mbili, hufungwafungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, kiasi kwamba mchoro hutokea tu pale ambapo uzi wa upande mmoja unakutana sawasawa na wa upande mwingine. Nyekundu hutoka kwenye maganda ya mizizi, buluu kwenye nili, na pamba hulowekwa kwanza katika mafuta na majivu. Nguo moja yaweza kuchukua miaka. Ni sehemu chache duniani zinazofuma hivyo, Patan ya Gujarat ikiwa mojawapo, na baadhi ya michoro ya geringsing inafanana na ile ya patola, hariri ya Patan iliyopelekwa visiwa vya Indonesia kwa karne nyingi. Wafanyabiashara wa Gujarat hawakuelekea mashariki pekee. Mreno Duarte Barbosa, mwanzoni mwa karne ya 16, aliandika juu ya vitambaa vya Khambhat, bandari ya Gujarat, vilivyouzwa Mombasa na Malindi. Bahari moja na pepo zilezile ziliwavalisha watu wa pwani hizi mbili.

Si kila kitu hapa ni cha kusifiwa. Sheria ya ndoa ni kali: anayeoa au kuolewa kinyume chake hupoteza kiti barazani, na waliofukuzwa zamani walipangiwa makazi upande wa mashariki, katika mtaa wa Pande. Kwa jamii ya familia mia chache, hilo ni zigo kwa vijana, na ni vigumu kuona litabebwa vipi vizazi vijavyo bila kurekebishwa. Wenyeji wenyewe wamewahi kurekebisha awig-awig zao, na moto wa 1841 uliwafundisha kwamba sheria iliyoungua inaweza kuandikwa tena.

Tangu Candidasa igeuke kuwa mji wa hoteli, katika miaka ya 1970 na 1980, barabara za Tenganan hupata wageni kila siku. Mlangoni hutoa mchango, hununua nguo, hupiga picha. Mwezi wa Sambah huwaleta kwa mamia, na safu ya mbele ya mekare-kare sasa imejaa kamera. Kijiji kimewapokea, kikachukua fedha zao, lakini hakijaisogeza sherehe ifuate likizo za Ulaya wala kuifupisha iingie katika ratiba ya alasiri moja. Wenye kampuni za utalii hulazimika kuulizia tarehe kila mwaka, na aliyealikwa na rafiki huulizia vilevile.