Oili ya pikapu ya dizeli yafaa kubadilishwa lini?

KATIKA gereji nyingi nchini, fundi akishabadilisha oili ya injini huandika nambari mbili kwenye kadi ndogo na kuining'iniza karibu na usukani. Ya kwanza ni kilomita ambazo gari limekwenda kufikia siku hiyo. Ya pili ni kilomita litakapotakiwa kurejeshwa. Tofauti kati ya nambari hizo kwa kawaida ni 5,000.

Wenye pikapu wengi huichukulia hesabu hiyo kuwa amri isiyobadilika. Wengine huisahau kabisa, wakisubiri taa nyekundu yenye picha ya birika iwake mbele ya dereva. Kundi hili la pili ndilo hupata hasara kubwa zaidi, kwa kuwa taa hiyo haikuwekwa ili kueleza umri wa oili. Huwaka pale shinikizo la oili linapopungua ndani ya injini, na ikiwaka gari likiwa mwendoni, huenda vyuma tayari vinasagana.

Kwa mfanyabiashara ambaye pikapu ndiyo shamba na duka lake, kosa hilo si dogo. Injini ya dizeli ikinoki, gharama ya kuifungua na kuikarabati, au kununua nyingine iliyokwishatumika, hufikia laki kadhaa. Gharama hiyo hailingani hata kidogo na bei ya lita saba za oili na filta moja. Zaidi ya hayo, gari husimama majuma mengi ilhali mkopo lililonunuliwa kwao haupumziki.

Ili kuelewa ni kwa nini 5,000 haiwezi kuwa jibu la kila gari, yafaa kwanza kufahamu kinachoichosha oili. Kazi yake si kulainisha vyuma pekee. Huondoa joto katika sehemu ambazo maji ya radieta hayafiki, huziba mwanya kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, na huosha uchafu kisha kuubeba hadi kwenye filta.

Dizeli inapoungua hutoa masizi. Sehemu ya masizi hayo hupenya kwenye ringi na kuingia katika oili, na hii ndiyo sababu oili ya gari la dizeli hugeuka nyeusi baada ya safari chache tu. Weusi huo pekee si dalili ya ubovu. Kwa hakika, huonyesha kwamba oili inafanya kazi yake ya kuyashika masizi yasigandamane. Dereva anayechovya kijiti cha kupimia oili, akaisugua kati ya vidole na kutangaza kuwa imekufa au ingali hai, anabahatisha tu.

Adui wa pili ni salfa iliyomo katika dizeli. Inapoungua na kukutana na unyevu, hutoa tindikali inayokula beringi. Watengenezaji huongeza kemikali katika oili za kuzima tindikali hiyo, lakini kemikali hizo hupungua kila siku gari linapotumika. Tangu Januari 2015, Kenya na majirani zake wa Afrika Mashariki waliagiza dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa kwa kila milioni. Hapo awali kiwango kilikuwa juu mara 10 au zaidi. Mazoea ya mafundi wazee ya kumwaga oili mapema mno yalitokana kwa kiasi fulani na dizeli ya zama hizo, na hawakuwa wakikosea.

Aghalabu, vitabu vya maelezo vinavyokuja na pikapu za miaka ya hivi karibuni hutaja kilomita 10,000, au idadi fulani ya miezi, lolote litakalotangulia. Hapo ndipo wasomaji wengi hukomea. Kurasa chache mbele, vitabu hivyo hivyo huwa na sehemu kuhusu matumizi magumu: barabara za vumbi, kubeba au kuvuta mizigo mizito, safari fupi fupi ambazo injini haipati joto la kutosha, na kukaa muda mrefu injini ikinguruma bila gari kusonga. Kwa gari la namna hiyo, muda hupunguzwa, mara nyingi kwa nusu.

Ni pikapu gani ya biashara nchini isiyoguswa na orodha hiyo? Ile inayopanda na magunia ya viazi kutoka Kinangop hubeba mzigo mzito mlimani. Ya mkandarasi katika kaunti ya Turkana huvuta vumbi mchana kutwa. Nayo inayosambaza mikate jijini Nairobi huzimwa na kuwashwa mara nyingi kwa siku, na muda uliobaki huwa imekwama katika msongamano. Kwa zote hizi, kilomita 5,000 za kadi ya fundi zina msingi.

Hata hivyo, hesabu ya kilomita hudanganya. Pikapu inayokwenda kilomita 200 kwa siku, siku sita kwa juma, humaliza kilomita 5,000 kwa majuma manne na ushei. Mwenyewe akijiwekea mazoea ya kubadilisha oili kila baada ya miezi mitatu kwa sababu jirani yake hufanya hivyo, atakuwa amevuka kilomita 15,000. Kwa upande mwingine, pikapu ya shambani inayokwenda kilomita 300 kwa mwezi itahitaji zaidi ya miezi 16 kufikisha 5,000. Oili haiwezi kungoja muda huo wote. Katika safari fupi, unyevu hukusanyika ndani ya injini bila kupata joto la kuukausha, na tindikali huendelea kutenda kazi hata gari likiwa limelala. Gari kama hilo lafaa kubadilishwa oili kila baada ya miezi sita, hata kama kilomita ni chache.

Gari linalonguruma papo hapo nalo lina hesabu yake. Kilomita hazisogei lakini oili inachoka. Pikapu inayowashwa saa nzima kila siku ikisubiri kupakiwa, au inayoendesha mtambo wa kupoza samaki, haifai kupimwa kwa kilomita peke yake. Hukadiriwa kuwa saa moja ya kunguruma ni sawa na mwendo wa kilomita 40 hivi.

Suala la turbo pia huamua mengi. Injini kuukuu zisizo na turbo, kama ile ya Toyota ya lita 4.2 iitwayo 1HZ iliyomo katika Land Cruiser nyingi za mikoani, hustahimili ucheleweshaji kiasi. Injini zenye turbo hazina subira hiyo. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, ukielea juu ya utando mwembamba wa oili iliyo moto sana. Oili ikiwa imechakaa, huganda na kuwa makaa katika vijia vyake vyembamba, na turbo hufa kabla ya injini yenyewe. Ni kwa sababu hiyo madereva hushauriwa kuiacha injini ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuizima, hasa baada ya kupanda mlima na mzigo.

Tatizo jingine hutoka kwenye kituo cha mafuta. Kwa miaka mingi, walaghai walikuwa wakichanganya dizeli na mafuta ya taa kwa kuwa bei ya mafuta ya taa ilikuwa ya chini, hadi serikali ilipotoza ushuru maalumu wa Sh18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuzima biashara hiyo. Mafuta ya taa hayalainishi pampu na nozeli ipasavyo. Nozeli iliyochakaa hutiririsha dizeli isiyoungua, nayo hushuka hadi kwenye oili na kuifanya nyepesi. Dereva akiona kiwango cha oili kinapanda kwenye kijiti badala ya kushuka, asifurahi. Hiyo ni dizeli, na oili hiyo yapaswa kumwagwa siku hiyo hiyo na nozeli zikaguliwe. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, basi maji ya radieta yamepata njia ya kuingia.

Kuhusu aina ya oili, pikapu nyingi za zamani hutumia 15W-40 yenye alama ya injini za dizeli, yaani herufi C ikifuatiwa na nyingine, kwa mfano CI-4. Oili yenye alama ya S pekee ni ya magari ya petroli. Magari mapya yenye kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi huhitaji oili maalumu isiyoacha majivu mengi, na kuyatilia oili ya bei nafuu ni kukiziba kichujio hicho. Mitungi ya oili ghushi nayo haijaisha madukani. Kifuniko kilichofunguliwa, lebo iliyopinda na bei iliyo chini kupita kiasi ni dalili za kutiliwa shaka.

Filta hubadilishwa kila mara oili inapobadilishwa. Wapo wanaoruka zamu moja ili kuokoa fedha. Filta ikijaa, kilango kilichomo ndani yake hufunguka ili injini isikose oili, na kuanzia hapo uchafu wote huzunguka bila kuchujwa. Vivyo hivyo, kuongeza nusu lita kila wiki si kubadilisha. Oili mpya inayomiminwa juu ya chafu huchafuka papo hapo, na injini inayokunywa kiasi hicho ina kasoro ya kutafutwa.

Oili humwagwa injini ikiwa na joto, ili itoke pamoja na uchafu uliotulia chini. Mpya hutiwa hadi kati ya alama mbili za kijiti, bila kupita ile ya juu. Ikizidi, hutoa povu, na mvuke wake ukivutwa na injini ya dizeli kwa wingi, huweza kuungua kama mafuta na kuifanya injini iendelee kukimbia hata baada ya kuzimwa.

Oili chafu iliyotolewa haipaswi kumwagwa mtaroni wala nyuma ya gereji, kwa kuwa hufika visimani na mitoni. Kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 huihesabu miongoni mwa taka hatari. Ihifadhiwe kwenye mtungi uliofungwa na kukabidhiwa wakusanyaji walio na leseni. Desturi ya kuipaka kwenye nguzo za ua ili kufukuza mchwa ingali imeenea vijijini, ingawa mvua huiosha na kuirudisha kwenye udongo ule ule unaolimwa.